Tuombe Njiani, Tusichelewe Nyumbani

Mafundisho ya juma. Maandiko ya kusoma nyumbani: 2 Wafalme 5:1-14, Kumbukumbu la Torati 23:12-14, Mathayo 4:5-7, Wakolosai 4:14

  

Somo la leo wengine watasema si la mimbari. Tunaongea juu ya maji, choo na sabuni. Tunaongea juu ya kolera, ile ambayo vitabu vinaita kipindupindu. Hapa Uvira hakuna anayeuliza kolera ni nini. Inarudi kila mwaka. Robine zikikauka, tunabeba bidoni tunashuka ziwani, ao tunaenda kwenye mto Mulongwe na Kalimabenge. Wachunguzi waliofuatilia mji wetu kati ya mwaka 2009 na 2014 waliona jambo hili wazi: maji ya robine yanapokatika, siku zinazofuata wagonjwa wa kolera wanaongezeka. Na sasa mvua zinarudi. Maji ya mvua yanapita kwenye vyoo vyetu, yanashuka mtoni, yanaingia ziwani, na sisi tuko chini tunachota.

Kwa hiyo tusikilize. Neno tunalotaka ulibebe leo ni moja: katika ugonjwa huu, kuchelewa ndiko kunakoua. Mukristo anaomba, ndiyo. Lakini anaomba akiwa njiani kwenda kituo cha afya, haombi akiwa amemfungia mgonjwa nyumbani.

Jambo la kwanza: Mungu haoni haya kutumia maji

Tunamjua Naamani, jemadari wa Shamu. Alikuwa mtu mkubwa, lakini ngozi yake ilikuwa na ukoma. Alipofika kwa Elisha alitazamia mambo makubwa: nabii atoke, asimame, amwite Mungu wake, apunge mkono. Elisha hakutoka hata mlangoni. Alimtuma mtu kumwambia aende kuoga Yordani mara saba. Naamani akakasirika. Watumishi wake, watu wadogo, ndio walimwambia: kama nabii angekuambia ufanye jambo gumu, ungelifanya, kwa nini unakataa kuoga tu? Akashuka mtoni, na ngozi yake ikawa kama ya mtoto.

Wapendwa, mtu akiambiwa afunge siku saba, anafunga. Akiambiwa akeshe, anakesha. Akiambiwa anawe mikono kwa sabuni anapotoka chooni, anacheka, anasema hilo ni la watoto wa shule. Huyo ni Naamani kabla hajashuka Yordani.

Tufungue pia Kumbukumbu la Torati 23. Mungu aliwaamuru Israeli wawe na mahali pa kwenda haja nje ya kambi, wabebe kifaa cha kuchimbia, na wafukie uchafu wao. Sababu yake ni gani? Kwa kuwa Bwana anatembea katikati ya kambi. Kumbe choo ni jambo la utakatifu! Parsele isiyo na choo haimheshimu Yule anayetembea ndani yake.

Jambo la pili: tusimjaribu Mungu

Kuna ndugu anayekunywa maji ya ziwa hivi hivi na kusema, «Yesu atanilinda.» Tusome Mathayo 4. Shetani alimpandisha Yesu juu ya hekalu akamwambia ajitupe, malaika watamdaka. Je, malaika hawakuwa na nguvu? Walikuwa nayo. Yesu alikataa kwa sababu kujitupa kwa makusudi ni kumjaribu Mungu, si kumwamini. Kunywa maji machafu wakati njia ya kuyasafisha ipo ni kujitupa kutoka juu ya hekalu.

Tusisahau pia kwamba Paulo alisafiri na Luka, na katika barua kwa Wakolosai anamtaja kuwa munganga, na mpendwa. Mtume aliyeombea wagonjwa wakapona alikuwa na munganga katika kundi lake. Hatusomi popote kwamba alimfukuza ili imani yake ionekane.

Jambo la tatu: kolera inavyoua

Mikrobe ya kolera inaingia kwa mdomo na kutoka kwa choo. Hiyo ndiyo njia yake yote. Inapita kwenye maji, kwenye chakula, kwenye mikono. Tangu imeingia, inaweza kuanza kuumiza baada ya masaa machache, ao baada ya siku mbili tatu, hata siku tano. Wengi walio nayo hawaumwi sana, wengine hawaumwi kabisa, lakini choo chao kina mikrobe. Kwa hiyo usimtazame mtu usoni ukasema huyu ni safi.

Kwa anayeshikwa vikali, tumbo linafunguka kama robine. Choo kinakuwa maji meupe kama maji ya kuoshea mchele, na kutapika kunafuata. Macho yanaingia ndani, mdomo unakauka, miguu inakazana, mkojo unakatika. Mtu mzima, mwenye nguvu, aliyelima asubuhi, anaweza kufa kabla ya usiku. Kinachomuua ni kuishiwa maji na chumvi mwilini. Ndiyo maana dawa yake ya kwanza ni kurudisha maji. Wagonjwa wakali wasiotunzwa, hata nusu yao wanaweza kufa. Wakifika mapema na kutunzwa vizuri, katika watu mia hafi hata mmoja. Wapendwa, pale katikati ya mia na nusu ya mia, kilichosimama ni masaa.

Basi mgonjwa akianza nyumbani mwako, fanya hivi. Mpe kinywaji palepale. Kama una pakiti ya chumvi za kuharisha, changanya na lita moja ya maji safi. Kama huna, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari visivyojaa kilima, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Anywe kidogo kidogo, kila mara. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole. Mtoto wa kunyonya aendelee kunyonya. Mgonjwa wa kolera hafungi kula wala kunywa. Kama kuna kufunga, wafunge wengine kwa ajili yake. Na wakati huohuo mwingine atafute moto. Njiani aendelee kunywa. Njiani ninyi endeleeni kuomba. Mungu anayesikia kwenye chumba cha maombi anasikia pia barabarani.

Jambo la nne: si jirani yako

Hapa tunaomba masikio yenu yote. Mtu akitapika usiku, neno la kwanza katika nyumba nyingi ni «sumu». La pili ni jina la mtu.

Katika kazi ya uchungaji tulifika kwenye jamaa moja. Baba na watoto wawili walishikwa usiku mmoja. Kabla hakujapambazuka, jina la jirani lilikuwa limekwisha kutajwa: mama mjane, ambaye jana yake aliwaletea sombe. Masaa yakaenda kwa kumgongea mlango, kumwapisha, kutafuta mtu wa kutoa sumu. Asubuhi ikajulikana kwamba nyumba nyingine mbili za avenue ileile zina wagonjwa, nao hawakula sombe ya mtu. Wote walichota maji mahali pamoja. Baba alipona kituoni, na mtoto mkubwa akapona. Mdogo alifika akiwa amechelewa. Yule mjane alihama kwa haya na kwa woga. Usiku mmoja tu, avenue ile ilipoteza mtoto na ikapoteza jirani.

Shetani anapenda kolera kwa sababu hii: inaua, kisha inagombanisha waliobaki.

Katika historia ya ugonjwa huu kuna mtumishi wa kanisa ambaye tunapaswa kumjua. Mwaka 1854 kolera iliingia mtaa mmoja wa London, Uingereza, na ndani ya majuma machache zaidi ya watu 600 wakafa. Wengi walisema ni hewa mbaya. Munganga John Snow alisema ni maji ya pampu moja ya Broad Street, na mwezi wa tisa mkono wa pampu ile ukatolewa. Kijana Henry Whitehead, aliyekuwa msaidizi wa mchungaji katika kanisa la Mtakatifu Luka la mtaa ule, hakukubali. Alijua nyumba zote, akaamua kupita mlango kwa mlango kuonyesha kwamba munganga anakosea. Alipouliza watu wake mmoja mmoja, aliona kwamba munganga anasema kweli. Na yeye, mtu wa kanisa, ndiye aliyepata chanzo: mtoto mchanga aliyeharisha katika nyumba iliyo karibu na pampu. Mama alifua nepi, akamwaga maji kwenye shimo la uchafu. Shimo lile lilivuja, na halikufika hata mita moja kutoka kisimani.

Hakukuwa na mchawi wala mtu wa sumu. Kulikuwa na maji ya choo yaliyokutana na maji ya kunywa. Wanamaombi wetu, ninyi mnaojua nyumba zote za kartie, fanyeni kazi ya Whitehead. Mkiitwa kwa mgonjwa, msiulize kwanza nani anamchukia. Ulizeni: mnakunywa maji ya wapi? Nani mwingine anaumwa? Kisha mpelekeni mgonjwa, na mkajulishe kituo cha afya.

Jambo la tano: kazi ya nyumba yetu na kanisa letu

Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kweli kwa dakika moja nzima, na ninyi mnaokaa juu milimani, dakika tatu. Kama kuni ni shida, tieni klorini. Someni karatasi ya dawa, kwa kuwa kuna kidonge cha lita moja na kidonge cha bidoni ya lita 20. Mkitia, ngojeni nusu saa. Bidoni iwe na kifuniko, ioshwe ndani, na kikombe chenye mkono wa kila mtu kisizamishwe humo.

Mikono inawe kwa sabuni: ukitoka chooni, ukimsafisha mtoto, kabla ya kupika, kabla ya kula, kabla ya kulisha. Kama sabuni imekwisha, majivu yapo jikoni. Choo cha mtoto mchanga kitupwe chooni, kisitupwe nyuma ya nyumba; mmesikia habari ya London. Chakula kiliwe kikiwa moto, kilichobaki kifunikwe na kupashwa tena mpaka kiwe moto sana. Matunda yaoshwe kwa maji safi ao yamenywe. Mwaka 2020 mji wetu ulipewa chanjo ya kolera ya kunywa. Timu ikirudi tena, tuipokee. Chanjo si alama ya mtu yeyote, ni ulinzi. Lakini aliyechanjwa naye anawe mikono.

Juu ya matanga, tunajua ni neno gumu. Aliyekufa kwa kolera, mwili wake bado una mikrobe. Tusimwoshe sisi wenyewe. Tuwaachie watu wa afya na wa Msalaba Mwekundu wanaojua kazi hiyo. Na wanaopika chakula cha matanga wasiwe wale waliomgusa. Heshima ya marehemu wetu haipotei kwa hilo. Tutaimba, tutaomba, tutamzika kama mtu wa Mungu, na hatutazika wengine watatu juma linalofuata.

Na kanisa? Kila mlango wa ibada uwe na bidoni yenye robine ndogo na sabuni. Choo cha kanisa kiwe kisafi kuliko cha nyumba yoyote ya mshirika. Mashemasi, tunawaomba jambo moja zaidi: wekeni sanduku dogo la pesa ya moto. Kuna nyumba ambazo mgonjwa anabaki usiku kucha kwa sababu hakuna pesa ya kumpeleka, na jamaa wanasema wanaomba kwa sababu wanaona haya kusema hawana. Yakobo anatufundisha katika barua yake, sura ya 2, kwamba kumtakia ndugu heri bila kumpa anachohitaji mwilini hakumfai kitu. Pesa ya sanduku lile nayo ni maombi.

Tuombe. Baba wa mbinguni, wewe uliyeponya maji ya Yeriko kwa mkono wa Elisha, utuponyeshe maji yetu. Utupe bidii ya kuchimba, kuchemsha na kunawa. Utuondolee ulimi unaotaja jirani kabla ya kuuliza. Uwatie nguvu waganga na wauguzi wanaokesha na wagonjwa wetu. Na usiku ule nyumba itakapolia, ututie miguu ya haraka na maombi mdomoni. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.

Mungu awabariki. Ukimaliza kusoma karatasi hii, usiiweke kwenye Biblia. Mpe jirani yako.