Fuvu Lile Lile, Maelezo Mapya: Makumbusho kama Darasa



Shule nyingi huingia makumbusho mbiombio. Basi linasubiri nje, watoto wamepangwa mstari, kila mmoja ananakili maandishi ya kabati daftarini. Hiyo haijawa elimu ya makumbusho. Maandishi wangeyapata hata kitabuni. Walichofuata ni kitu chenyewe, nacho wamekipita.

Chukueni fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu; fuvu hilo ni mali ya Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mary Leakey aliliona Olduvai tarehe 17 Julai 1959, siku ambayo mumewe, Louis, alikuwa amebaki kambini akiumwa. Vipande vikaungwa, umri ukakadiriwa kuwa miaka milioni 1.75, na mwaka 1965 likarejea nyumbani. Magego yake ni mapana ajabu, na utosini kuna ukingo wa mfupa ulioshikilia misuli ya taya. Wataalamu walipoyaona hayo walisema kiumbe huyu alivunja kokwa ngumu, na jina la utani la mvunja kokwa likamganda.

Baadaye meno yakaulizwa swali jingine. Nyasi nyingi za nchi za joto hazichukui kaboni kwa namna ile ya miti, na tofauti hiyo husalia kwenye meno ya mlaji. Mwaka 2008 Nikolaas van der Merwe, Fidelis Masao na Marion Bamford walichapisha vipimo vya meno ya jamii hii kutoka Tanzania: sehemu kubwa ya mlo ilitokana na mimea ya aina ya nyasi na mafunjo. Fuvu ni lile lile. Kilichobadilika ni maelezo, yale yale ambayo watoto wetu wanayanakili kana kwamba hayatabadilika kamwe.

Programu ya elimu ianzie hapo. Mpe mtoto wa darasa la tano nakala ya fuvu hilo pamoja na taya la mbuzi na la chui, ayashike, aseme kila mmoja alikula nini. Kisha muulize: umejuaje? Akikosea, amekosea kwa kufikiri, na hapo mwalimu ana pa kushika.

Si mifupa pekee inayoulizwa maswali. Kijiji cha Makumbusho jijini Dar es Salaam, kilichoanzishwa 1966, kinaonyesha nyumba za jadi. Katika siku za utamaduni wenye mila huja wenyewe kupika na kucheza ngoma. Hapo mtoto anaweza kumuuliza mzee wa Kihaya kwa nini paa la msonge hushuka mpaka chini.

Kwa hiyo nataka afisa elimu awepo tangu onyesho linapobuniwa, si kuitwa likishafunguliwa. Wanachuo wetu wa ualimu nao wafanyie sehemu ya mazoezi makumbusho. Na nakala zisafiri: dinosaria wa Tendaguru walichimbuliwa Lindi kati ya 1909 na 1913, na mifupa yao iko Berlin. Mtoto wa Lindi anastahili kushika walau nakala ya mfupa mmoja uliotoka kwenye udongo wa kwao.