Kamba, Mwani na Mshahara: Nia za Vizazi Vitatu katika Pwani ya Mashariki ya Unguja



Mada niliyotakiwa kuileta mbele yenu yahusu tofauti za vizazi na mambo yanayomsukuma mtu katika kuoa na kuolewa, katika kuishika dini yake na katika kutafuta riziki yake. Nami, kwa kuwa ulimwengu ni mpana na wakati tuliopewa ni mchache, nimeona heri niuache ulimwengu nizungumze juu ya ufuo mmoja ninaoujua, ule utokao Paje kwenda Jambiani, ambako katika umri wa mtu mmoja tu wanawake wa nyumba moja wamefanya kazi tatu zisizofanana, na kila kazi ikaja na malipo yake, lawama zake na ugomvi wake.

Nianze na bibi. Zamani wanawake wa pwani ile walisokota kamba za makumbi. Kumbi la nazi lilifukiwa katika tope la pwani na kukandamizwa kwa mawe ili maji yasilichukue, likaachwa humo miezi mingi mpaka likalainika, kisha likafukuliwa, likapigwa kwa gongo hata ukabaki usumba mtupu, ukaoshwa, ukaanikwa, na mwishowe ukasokotwa kwa viganja. Ilikuwa kazi ya kuumiza mikono, tena yenye harufu isiyomtoka mtu upesi, na malipo yake yalikuwa haba. Walakini yalikuwa malipo ya mwanamke mwenyewe, na jambo hili lina asili katika sharia, kwani mali ya mke ni ya mke, na matumizi ya nyumba ni dhima ya mume. Mwanamke aliyejua kwamba talaka yaweza kumfikia asubuhi asiyoitazamia aliziweka senti zake za kamba kama nahodha awekavyo maji ya kunywa chomboni kabla ya kutweka tanga.

Kamba ilikuwa na faida nyingine isiyouzwa sokoni. Ilisokotwa watu wamekaa pamoja, bibi, mama, shangazi na binti, na katika kikao kile, mikono ikienda na ndimi zikienda, binti alisikia jinsi posa inavyojibiwa, jinsi mume mkali anavyosemezwa, jinsi maiti wa kike anavyooshwa, na lipi ni haramu mbele ya Mungu na lipi ni aibu tu mbele ya watu, maana mambo haya mawili si mamoja, ingawa wengi wetu twayachanganya. Nitarudi kwenye kikao hiki, kwa kuwa naamini ndicho tulichokipoteza kuliko vyote.

Akaja mama. Tarehe 23 Septemba 1964 elimu ilitangazwa kuwa bure katika Zanzibar, na baba wengi ambao hawakupata kukanyaga skuli wakaingiwa na raghba mpya: mtoto awe mwalimu, karani au mwuguzi, ale mshahara wa serikali, na uzeeni apate kiinua mgongo. Raghba ile ilikuwa safi, nami mwenyewe ni tunda lake. Lakini nafasi za serikali hazikuwatosha watoto waliosoma, na wasichana kadha wa kadha walirudi kijijini na daftari zao, wakaolewa, wakaendelea na makumbi kama mama zao.

Mwaka 1989 ndipo ukulima wa mwani wa kuuza ulipoanza katika pwani hiyo. Wanunuzi walitoa kamba na mbegu. Wanawake wakapigilia vigingi katika maji haba, wakafunga vishada vya mwani kwenye kamba, wakawa wakienda baharini nyakati za bamvua maji yatokapo, na baada ya wiki sita hivi wakavuna, wakaanika na kuuza kwa kilo. Mwani ule husafirishwa ng'ambo, na utomvu wake hutiwa katika dawa ya meno, katika vyakula na katika vipodozi.

Mtakumbuka, nyinyi mlio makamo yangu, maneno yaliyosemwa zama zile. Ilisemwa kwamba si murua mwanamke kushinda majini nguo zimemganda mwilini. Ilisemwa kwamba fedha itampa kiburi. Wako waume waliowakataza wake zao kabisa, na wako waliotoa ruhusa kwa shingo upande. Kisha watu wakaona mabati juu ya mapaa yaliyokuwa ya makuti, wakaona watoto wana sare na viatu, wakaona kabati la vyombo katika nyumba ambayo haikuwa na sahani mbili zinazofanana, na maneno yakapungua siku kwa siku mpaka yakaisha. Hapana fatwa mpya iliyotolewa, wala hakuna aya iliyobadilika. Lililobadilika ni jicho la watu, na hii ni dalili kwamba lililokuwa likisemwa lilikuwa la aibu, wala halikuwa la haramu.

Ningekuwa mkosefu wa insafu nisiposema na upande wa pili. Baadhi ya waume, walipoona mke ana chake, walilegea katika dhima yao. Unga, mafuta ya taa na ada za watoto vikahamia mabegani mwa mwanamke pole pole, bila ya kikao wala mapatano, hata ikawa mali ambayo sharia imemwachia awe huru nayo ndiyo inayoendesha nyumba. Juu ya jambo hili wazee wa kiume tumenyamaza mno, nami nasema hivi mbele yenu kwa majuto.

Sasa ni zamu ya binti. Bahari imepata joto. Mwani wa aina ya kotoni, wenye bei nzuri, hufa katika maji haba ya pwani yetu, na aina nyingine istahimiliyo zaidi, spinosamu, bei yake ni ndogo. Ziko juhudi za kuuongezea mwani thamani, kama sabuni zinazotengenezwa Paje, na huko Jambiani wako wanawake waliojifunza kuogelea wakiwa watu wazima ili wafuge sponji katika maji marefu, jambo ambalo bibi zao wasingeliota. Wengi katika vijana, hata hivyo, wameikabili hoteli iliyojengwa pale pale yalipokuwa yakifukiwa makumbi. Binti atandika vitanda au yuko mapokezi. Kaka yake, akikosa ajira, huwa papasi, akifuata wageni ufukweni kwa maneno ya Kitaliani aliyojifunza kwa masikio.

Hapa ndipo yanapozuka malalamiko ambayo nadhani ndiyo yaliyotukusanya leo. Wazee husema: watoto hawa hawana dini, hawataki ndoa, wanapenda fedha tu. Katika semina hutumika sana neno motisha, na mara nyingi maana yake ni posho. Lakini Kiswahili chetu kina hazina kubwa zaidi, kina ari, kina raghba, kina azma, na juu ya yote kina nia, ambayo ndiyo mizani ya amali katika dini yetu. Nimejaribu kuwauliza wasichana ninaowafahamu nia zao kabla ya kuwahukumu kwa kazi zao, na majibu yao yamenikumbusha bibi zao kuliko nilivyotazamia: mmoja ataka kummalizia mama yake nyumba, mwingine ataka, siku akiachwa, asirudi kwa kaka yake na watoto watatu na sanduku. Hii ni sitara ile ile iliyotafutwa kwa usumba. Anayechelewa kuolewa, aghalabu, hakuikataa ndoa. Ameiona ya mama yake kwa karibu, na ataka kuingia akiwa na kitu mkononi.

Juu ya dini pia yafaa tutazame vizuri, kwa kuwa tofauti ya vizazi haiendi upande mmoja. Ziko nyumba ambazo mjukuu amelegea. Lakini ziko nyumba ambazo mjukuu, aliyesikiliza mawaidha katika simu usiku kucha, amemshinda bibi yake kwa ukali, akakataa kuhudhuria maulidi na kumwambia kizee wa watu kwamba hitima yake ni bidaa. Wote wawili, aliyelegea na aliyekaza, wana hali moja: dini yao wameipokea peke yao, nje ya kikao. Na anayedhani kwamba ilimu ya dunia na ya akhera lazima zigombane na amkumbuke Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyesomesha katika skuli za serikali hapa Unguja, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, na tafsiri yake ya Qurani Takatifu ikatolewa mwaka 1969 kwa Kiswahili ambacho hata msichana wa jikoni aweza kukisoma.

Wahenga wetu walikuwa na desturi nzuri ya kuwaandikia watoto wasia. Mwana Kupona binti Msham, mgonjwa katika karne ya kumi na tisa, alimtungia binti yake utendi. Shaaban Robert alimtungia binti yake utendi wa Hati, na mwanawe wa kiume utendi wa Adili. Nguvu ya wasia zile, kwa maoni yangu, ni kwamba waandishi walizijua nyumba ambazo watoto wao wangeingia. Mzazi wa leo amtuma mwanawe mahali ambapo yeye hakupata kuvuka kizingiti, na kwa kutojua cha kumwagiza huishia kumkataza. Usifanye hili, usiende kule. Mtoto husikia makatazo kumi, asipate hata shauri moja la kumfaa saa nne ya usiku anapotoka kazini.

Kwa hiyo ombi langu kwa semina hii si kubwa. Naomba kila mwalimu na kila mzee arudishe kikao, hata bila ya kamba, na awe tayari kuuliza zaidi ya kusema.

Mwaka uliopita kizee mmoja, aliyesokota kamba ujanani na kulima mwani utu uzima wake, alinijia nyumbani na karatasi mkononi, mkataba wa kazi wa mjukuu wake katika hoteli. Alinitaka nimsomee, neno kwa neno. Nilipomaliza aliniuliza: "Mwalimu, pameandikwa atarudi na nini usiku?" Nikamwambia hapakuandikwa. "Na Ramadhani, atafuturu wapi?" Hapakuandikwa. "Na akisemwa vibaya na mgeni, ataambiwa nani?" Nalo halikuwamo. Akaniomba kalamu, akaniamuru niyaandike maswali yake yote matatu nyuma ya karatasi ile, akamkabidhi msichana ayapeleke yeye mwenyewe. Majibu yalikuja baada ya siku nne: liko gari la wafanyakazi, futari itatolewa, na yuko mwanamke msimamizi wa kushitakiwa. Msichana akaanza kazi Mfungo Mosi, baada ya siku kuu.