Mashine Kongwe za Kusema na Matamshi ya Kiswahili

Jina la Nguvumali, kata ya Jiji la Tanga, lina silabi nne, na mkazo wake huangukia silabi ya tatu. Mtoto wa mjini hulitamka bila kufikiri. Kwa mashine za kusema za mwanzoni mwa miaka ya 1980, jina hilo ni mtihani.

Chipu iitwayo SP0256-AL2, ya kampuni ya General Instrument ya Marekani, ilikuwa na orodha ya vipengele 64: vituo 5 vya kimya na alofoni 59, zote za Kiingereza. Siku hizi wapenzi wa elektroniki huifufua kwa programu zinazoiga kazi yake ndani ya vidhibiti vidogo vya bei nafuu. Kazi hiyo inastahili pongezi, ila anayeifufua chipu kwa uaminifu huifufua na orodha yake. Kiingereza hakianzi neno kwa ng. Hivyo Nguvumali huungwa kwa kubandika nazali mbele ya g, na nazali hiyo ikirefuka kidogo tu, msikilizaji husikia silabi tano. Gh ya ghuba haimo kabisa.

Maandishi nayo yana mitego. Tanga na Mtang'ata hutenganishwa na ritifaa. Programu inayoiruka hulivuruga jina la lahaja nzima, Kimtang'ata. Mbuni ni shida zaidi, kwani mti wa kahawa huanza kwa m iliyo silabi peke yake, ilhali ndege hana silabi hiyo, na tahajia haiwatofautishi.

Kwa hiyo kinachofaa kurithiwa ni mtambo, si orodha. Ndivyo ilivyo eSpeak ya Jonathan Duddington, iliyoanzia kwenye kompyuta za Acorn mwaka 1995: huunda vokali bila kurekodi mtu, lakini kila lugha, Kiswahili kikiwemo, ina kanuni zake. Mfumo wa Mucemi Gakuru na wenzake, uliotangazwa mwaka 2005, ulichagua njia nyingine, ya kuunganisha vipande vya sauti iliyorekodiwa.

Sauti ya eSpeak ni kavu, na wapo wanaoicheka. Hata hivyo, msomaji asiyeona, anayesikiliza kwa kasi, huhitaji silabi zisizoyeyuka kuliko sauti tamu. Akisomewa kwamba mkulima amepanda mbuni, ni silabi moja tu itakayomjulisha kama mkulima yumo shambani au yu juu ya mgongo wa ndege.