Mnyonya Damu Asiye na Anwani: Katuni za Japani, Sinema za Waigizaji na Damu ya Kajiado

Katika anime ya Blood: The Last Vampire, iliyotolewa na studio ya Production I.G mwaka 2000, msichana aitwaye Saya anapenyezwa katika shule iliyo ndani ya Yokota, kambi ya jeshi la anga la Marekani karibu na Tokyo. Mwaka ni 1966. Amevaa sare ya shule, ana upanga, na kazi yake ni kuwasaka viumbe wanaojigeuza watu na kunywa damu. Filamu nzima haifiki saa moja. Haitueleweshi vizuri Saya ni mtoto wa nani wala viumbe hao walianzia wapi. Inachotuonyesha tena na tena ni ndege za kijeshi, kwa kuwa vita vya Vietnam vimepamba moto na kambi hiyo ni mojawapo ya milango yake. Inapofika tamati inatuachia picha za vita vyenyewe. Mtazamaji hahitaji kuhubiriwa. Damu inayonywewa na majini watatu wanne wa shuleni ni tone tu kando ya ile inayokwenda kumwagwa na ndege zinazopaa nyuma yao.

Mwaka 2009 hadithi hiyo ilifanywa filamu ya waigizaji. Mwongozaji alikuwa Mfaransa, Chris Nahon. Saya aliigizwa na Mkorea, Gianna Jun. Picha zilipigwa Argentina na China. Sina neno na pasipoti zao. Neno langu ni juu ya kilichotendewa hadithi. Kambi ya Wamarekani ilibaki, mwaka ukasogezwa hadi 1970, lakini adui akawa Onigen, malkia wa majini, ambaye mwishowe tunaambiwa ndiye mama mzazi wa Saya. Hadithi iliyokuwa juu ya dola na vita ikageuzwa ugomvi wa mama na bintiye. Ninachodai ni hiki: filamu ya mwinda wanyonya damu huanguka pale inapomnyang'anya mnyonya damu anwani yake, yaani mahali anapofanyia kazi na mkubwa anayemlinda. Tena huanguka vibaya zaidi ikiwa ya waigizaji, kwa sababu katuni huweza kuishi kwa wino na kivuli, ilhali kamera hunasa udongo, kuta na nyuso, na mtazamaji hana budi kuuliza: hapa ni wapi?

Wapo watakaosema kilichoiangusha filamu ile ni majini ya kompyuta yasiyotisha hata mtoto. Ni kweli hayatishi. Lakini vijana wetu wamezoea kusamehe hilo. Katika vibanda vya video, Kenya nzima, filamu za mapigano za Hong Kong na India zenye picha chakavu zimependwa kwa miaka mingi kwa sababu DJ Afro huzisimulia upya kwa Kiswahili na Sheng, akimpa jambazi wa mbali tabia ambazo mtazamaji wa hapa Kitengela anazitambua mtaani kwake. Msimulizi huyo hana senti ya kutengeneza jini bora. Anachofanya ni kumpa mhalifu anwani.

Pingamizi zito zaidi ni One Piece, mfululizo wa Netflix wa mwaka 2023, uliopigwa picha Cape Town na kupokewa vizuri hata na mashabiki wakali wa katuni. Je, huo si ushahidi kwamba kinachotakiwa ni kuufuata mchoro kwa uaminifu? Kwa hadithi ile, ndiyo. Bahari ya maharamia wa One Piece haipo katika ramani yoyote, basi seti iliyojengwa Afrika Kusini inaitosha. Yokota ipo. Hadithi inayosimama juu ya ardhi halisi haiwezi kubebwa kama kabati kutoka nyumba hii hadi ile bila kupoteza msingi wake.

Wengine husema mnyonya damu ni mgeni kwetu, kwa hiyo mjadala wenyewe ni wa kuazima. Hawa wamesahau wazimamoto. Mwaka uleule wa 2000, mwanahistoria Luise White alichapisha kitabu Speaking with Vampires, alichokijenga kwa masimulizi ya wazee wa Kenya, Uganda na kwingineko kuhusu enzi za ukoloni. Walisimulia kwamba wazimamoto, pengine wakisaidiana na polisi, waliwakamata watu usiku, wakawatia katika magari, wakawafungia mashimoni na kuwatoa damu. Pwani na Tanganyika watu hao waliitwa mumiani au chinjachinja, na Buguruni, Dar es Salaam, uvumi huo uliwasha ghasia mwaka 1959. White hakupoteza muda kutafuta kama damu ilichukuliwa kweli. Alisikiliza watu walikuwa wakisema nini juu ya mamlaka waliyoishi chini yake. Mnyonya damu wa Afrika Mashariki hakuwa na meno marefu wala jeneza. Alikuwa na sare, gari, zamu na mshahara, na damu hakuinywa yeye: ilipelekwa kwa wakubwa. Ni ndugu wa karibu wa Yokota kuliko wa yule kabaila wa Transylvania.

Hapa Kajiado jambo hili linakuwa wazi zaidi, kwa kuwa hapa kunywa damu hakukuwa kioja. Katika desturi ya Wamaasai, ng'ombe hufungwa kamba shingoni mpaka mshipa uvimbe, hutobolewa kwa mshale mfupi uliozuiliwa usizame mno, damu ikakingwa kwa kibuyu, kisha kamba ikalegezwa na jeraha likazibwa. Ng'ombe hurudi malishoni. Damu hiyo, mara nyingi ikichanganywa na maziwa, hupewa mama aliyejifungua, kijana aliyetoka kutahiriwa, mgonjwa. Kila mtu anajua ng'ombe ni wa nani, nani ameshika kamba na nani atakunywa. Jamii yenye desturi hiyo haiwezi kutishwa na midomo yenye damu peke yake. Kinachoweza kuitisha ni damu iliyochukuliwa bila kujulikana mwenye kushika kamba. Mtengeneza filamu atakayeleta kwetu msichana mwenye upanga na majini yenye meno ataleta mavazi tu, na mavazi hayo mashabiki wa anime wa Nairobi huyashona wenyewe, vizuri sana.

Labda nilichochewa zaidi kuandika haya na ukweli kwamba sehemu ya filamu kubwa ya aina hii imeshapigwa katika kaunti hii. The Constant Gardener ya Fernando Meirelles, ya mwaka 2005, inatoka katika riwaya ya John le Carré na inahusu kampuni ya dawa inayowajaribia Wakenya maskini dawa hatari huku wakubwa wakifumba macho. Mgane anayeifuatilia kampuni hiyo, waraka kwa waraka, ni mwinda wanyonya damu, hata kama hakuna anayemwita hivyo. Anafia Ziwa Turkana; lakini ziwa tunaloliona lilikuwa Magadi. Meirelles aliyashika mambo ya wenye mamlaka vizuri sana, kisha akaiacha Magadi ivae jina la kwingine, ingawa magadi imechimbwa pale na kusafirishwa kwa reli tangu enzi za ukoloni, katika nchi ambayo mkataba wa 1911 uliwasukumia Wamaasai wa Laikipia waje kuishi kusini. Anwani ilikuwepo chini ya miguu ya waigizaji.

Limebaki pingamizi ambalo silichukulii kimzaha. Uvumi wa wanyonya damu huua. Mwaka 2017, kusini mwa Malawi, makundi ya watu yaliwaua waliotuhumiwa kunyonya damu, na Umoja wa Mataifa ukaondoa wafanyakazi wake Mulanje na Phalombe. Kuna haja gani ya kuwasha tena moto huo kwa sinema? Jibu langu ni kwamba moto huo hula jirani, mgeni, muuza duka, mtu aliyechelewa njiani, kwa sababu mnyonya damu wa uvumi anaweza kuwa yeyote. Ni filamu isiyo na anwani inayofanana na uvumi: jini linaweza kuwa mama yako, na upanga ndio ushahidi. Filamu ninayoitetea ingewekwa katika mwaka unaotajwa, tuseme 1952, na mwinda wake angeanzia ofisini, kwenye daftari la mishahara, akisoma ni nani alilipwa kwa zamu za usiku na ni sahihi ya nani iliyoidhinisha petroli ya gari.