MAGOTI YA WACHUKUZI WETU
(Maneno ya Katibu mbele ya wanachama, ghalani)



Mwenyekiti amenipa nafasi fupi, nami nitasema juu ya goti tu. Katika kisomo cha watu wazima tumefundishwa habari za viungo, nikaona somo hili halifai kubaki darasani.

Kwenye ncha za mifupa ya goti pana gegedu, kitu cheupe chenye kuteleza, kama kile mnachokiona mkichinja mbuzi. Gegedu halina damu wala mishipa ya fahamu. Sasa hapo ndipo penye hatari. Linaweza kulika miaka mingi na mwenyewe hasikii kitu, na likishaharibika kupona kwake ni shida. Siku goti linapoanza kuuma na kuvimba, uharibifu ulikwisha anza zamani. Kwa hiyo kijana anayesema, "Mimi siumwi, nitwike gunia," asitudanganye.

Wengine husema ni uzee tu. Uzee umo, na kurithi kumo, tena akina mama huugua zaidi. Hayo hatuyawezi. Lakini mizigo na kuchuchumaa tunaviweza. Kule Framingham, Marekani, waganga wamewafuata watu wa mji ule tangu mwaka 1948. Mwaka 1991 wakaandika kwamba wanaume wenye kazi za nguvu na za kukunja magoti walipata ugonjwa huu kuliko wenzao. Je, hapa ghalani? Kijana anachuchumaa, anabeba, anainuka, kutwa nzima!

Unene nao umo, nasema bila kumcheka mtu. Waganga hao hao mwaka 1992 walieleza kuwa akina mama waliopungua kama kilo 5 katika miaka 10 walipunguza hatari kwa zaidi ya nusu.

Na ninyi wa mpira, goti likiteguka nendeni zahanati. Msirudi uwanjani kesho kutwa, maana goti lililoumia ndani huchakaa mapema.

Lakini jamani, mtu asije akakaa kitako akasema Katibu kakataza kazi. Gegedu hupata chakula katika maji ya kiungo tunapotembea, na misuli ya mapaja ikiwa na nguvu hulisaidia goti.

Hoja yangu ni mkokoteni mmoja, na jukwaa la kimo cha lori ili gunia lisiinuliwe kutoka chini. Mweka hazina asema fedha hiyo itapunguza posho za vikao. Mimi nasema zipunguzwe. Kura ni Jumamosi saa 4 asubuhi. Wachukuzi waje waseme wenyewe.