Kodi ya Jengo la Mwingine: Tozo za Mitaa na Zahanati Ndogo Zinazopanga

Utangulizi

Umeme ukikatika usiku katika zahanati kwa sababu uniti zimeisha, kitu cha kwanza kuhangaikiwa ni friji ya chanjo. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8, kwa hiyo mhudumu wa zamu hasubiri kuche. Anatoa simu, ananunua LUKU, umeme wa kulipia kabla, ya shilingi 20,000 na kusoma ujumbe unaorudi. Humo mna kodi ya ongezeko la thamani (VAT), asilimia 3 ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA) na asilimia 1 ya mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji (EWURA). Mara moja kwa mwezi huongezeka mstari mmoja zaidi: kodi ya jengo, shilingi 1,500.

Jengo si la zahanati. Mwenye nalo anaishi mtaa mwingine, pengine mkoa mwingine, na hajui kama usiku huo umeme ulikatika. Kodi ni yake kisheria, lakini imelipwa na anayenunua umeme.

Shilingi 1,500 haifungi zahanati. Mada hii inaanza na mstari huo kwa sababu unaonyesha waziwazi jambo linalojirudia katika tozo kubwa zaidi: mzigo uliokusudiwa mmiliki, au uliopimwa kwa mapato yasiyo faida, humwangukia mpangaji ambaye hana namna ya kupandisha bei ya huduma zake. Mada inaitazama Tanzania, hasa miji kama Dar es Salaam, ambako zahanati, kliniki za meno na maabara ndogo nyingi zimo katika nyumba za kupanga.

Zahanati hizi zilivyozaliwa

Mwaka 1977 Sheria ya Hospitali Binafsi ilipiga marufuku tiba ya binafsi ya kibiashara. Huduma nje ya serikali zikabaki mikononi mwa mashirika ya dini na taasisi zilizoidhinishwa. Sheria hiyo ilirekebishwa mwaka 1991, na daktari akaruhusiwa tena kufungua zahanati yake.

Wengi waliofungua hawakuwa na kiwanja wala mtaji wa kujenga. Walichukua nyumba zilizojengwa kwa ajili ya kuishi, Sinza, Tandika, Mbagala, na kuzigeuza. Sebule ikawa mapokezi, chumba cha wazazi kikawa chumba cha daktari, na jiko likawekwa sinki refu na hadubini, likawa maabara. Ukuta ulipigwa rangi ya mafuta ili usafishike, na mlangoni ukamwagwa mteremko wa zege kwa ajili ya kiti cha magurudumu. Gharama zote hizo ni za mpangaji, na siku akihama anauacha mteremko pale pale.

Hapo ndipo tozo ya kwanza inapoingia. Chini ya Sheria ya Mipangomiji ya 2007, nyumba ya makazi haigeuzwi ya biashara au huduma bila kibali cha kubadili matumizi. Kuna maombi, kuna ada, na baada yake pango la ardhi hupanda kwa sababu kiwanja sasa ni cha daraja jingine. Kibali hicho hubaki na ardhi, hakimfuati daktari anapohama. Thamani iliyoongezeka ni ya mwenye nyumba. Hata hivyo, mazungumzo ya pango yanapoanza, sentensi inayosikika mara nyingi ni moja: "Vibali utashughulikia mwenyewe."

Kutoka kodi ya maendeleo hadi ushuru wa huduma

Halmashauri zina haki ya kukusanya fedha, na zina sababu. Zilivunjwa mwaka 1972 na kurudishwa baadaye kwa sheria za 1982, mojawapo ikiwa Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, ambayo hadi leo ndiyo msingi wa ushuru wao. Barabara ya mtaa, soko, mfereji na zahanati ya serikali vinahitaji fedha. Wananchi wamewahi kuona tozo ikigeuka jengo: fedha za tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021 zilitumika, pamoja na mengine, kujenga vituo vya afya katika tarafa.

Nchi imewahi pia kukiri kwamba tozo zinaweza kuzidi. Mwaka 2003 serikali ilifuta kodi ya maendeleo, ambayo watu wazima waliilipa kwa kichwa, pamoja na rundo la ushuru mdogomdogo ulioitwa kodi za kero. Baadaye ulikuja MKUMBI, mpango wa kuboresha mazingira ya biashara ulioanza kutekelezwa Julai 2019, na bajeti ya mwaka huo ikafuta au kupunguza tozo kadhaa za mamlaka za udhibiti.

Ulionusurika katika mawimbi yote hayo ni ushuru wa huduma. Huu hutozwa kampuni na wafanyabiashara wenye leseni, na kwa miaka mingi kiwango chake kilikuwa kisichozidi asilimia 0.3 ya mapato ghafi baada ya kutoa VAT na ushuru wa bidhaa. Kwa kuutazama ni mdogo. Tatizo ni neno "ghafi".

Hesabu ya zahanati moja

Ichukuliwe zahanati ya kubuni yenye vyumba vitano, inayoingiza shilingi milioni 12 kwa mwezi. Ikishalipa mishahara, dawa, vitendanishi, pango na umeme, inabakiwa na shilingi 600,000. Ushuru wa huduma kwa asilimia 0.3 ni shilingi 36,000 kwa mwezi. Kwa mapato ghafi ni tone, lakini kwa kilichobaki mfukoni ni asilimia 6. Mwezi ambao zahanati imepata hasara, ushuru ni ule ule.

Sasa pango. Sheria ya Kodi ya Mapato inamtaka mpangaji wa biashara azuie asilimia 10 ya pango na kuipeleka Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Hiyo ni sehemu ya kodi ya mwenye nyumba, na mpangaji ni mkusanyaji tu. Lakini mwenye nyumba husema anataka shilingi 900,000 "mkononi". Ili apate 900,000 baada ya asilimia 10 kuzuiwa, pango halisi lazima liwe shilingi 1,000,000. Laki moja ya kila mwezi, ambayo ilipaswa kumpungukia yeye, imehamia kwa daktari. Juu yake kuna ushuru wa stempu kwenye mkataba, asilimia 1 ya pango la mwaka.

Kwa mwaka mzima hesabu inakuwa hivi: kodi ya zuio iliyohamishwa, 1,200,000, ushuru wa huduma, 432,000, stempu, 120,000, kodi ya jengo kupitia LUKU, 18,000. Jumla ni shilingi 1,770,000. Bango la mlangoni, ushuru wa taka, ukaguzi wa zimamoto na leseni za taaluma bado havijaingia.

Katika fedha hizo, halmashauri inapokea ushuru wa huduma. Sehemu kubwa inakwenda Serikali Kuu. Daktari anayelipa haoni mpaka huo. Anachoona ni foleni ya namba za malipo kwenye simu, kila moja na tarehe yake na faini yake.

Jengo likiwa la kibiashara, na mwenye nalo amesajiliwa kwa VAT, pango huongezewa kodi hiyo. Duka la jirani likiwa limesajiliwa hurudishiwa fedha hiyo kwa kuikata kwenye VAT inayokusanya kwa wateja wake. Zahanati hairudishiwi. Huduma za tiba zimesamehewa VAT, na aliyesamehewa kuuza hawezi kudai VAT aliyolipa wakati wa kununua. Msamaha uliowekwa kumlinda mgonjwa unaacha mzigo kwenye pango la chumba anachotibiwa.

Bei isiyopandishika

Mwenye duka akiongezewa tozo huongeza shilingi hamsini kwenye sukari. Zahanati inayohudumia wanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) haina njia hiyo. Bei ya kumwona daktari, ya kipimo na ya kila dawa imeandikwa katika kitita cha Mfuko. Ukali wa jambo hili ulionekana Machi 1, 2024, kitita kipya kilipoanza: hospitali kadhaa binafsi zilisitisha huduma kwa wanachama wa NHIF zikisema bei mpya hazifikii gharama, na wagonjwa wenye kadi wakarudishwa kutoka mapokezi.

Hospitali kubwa yenye jengo lake ina nafasi ya kubishana. Zahanati ya kupanga hupunguza palipo karibu: muuguzi wa pili wa usiku, kipimo kinachohitaji kitendanishi cha bei, au saa za kufungua. Pengine huhamia uchochoroni ambako pango ni nafuu na gari la wagonjwa halifiki.

Kuna pia suala la muda. Dai likishapelekwa kwa bima, fedha huja baadaye, na si zote, kwani baadhi ya madai hukatwa katika uhakiki. Ushuru wa huduma ukihesabiwa kwa ankara zilizotolewa badala ya fedha zilizopokelewa, zahanati huulipia hata dai lililokataliwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inatarajia wagonjwa wengi zaidi waje na kadi. Kadiri sehemu ya bima inavyokua katika mapato ya zahanati, ndivyo pengo hili litakavyopanuka.

Mapendekezo

Kwanza, kodi ya jengo iliyokatwa kupitia LUKU ihesabiwe kuwa sehemu ya pango. Ujumbe wa LUKU ni risiti tosha. Kifungu kimoja kinachompa mpangaji haki ya kuikata kwenye pango linalofuata kingemaliza ubishi bila kupunguza hata shilingi moja ya mapato ya serikali.

Pili, ushuru wa huduma kwa vituo vya afya vidogo uhesabiwe kwa fedha zilizopokelewa, na halmashauri ziweke kiwango cha chini cha mapato ambacho chini yake kituo hakitozwi.

Tatu, ada ya kubadili matumizi ya nyumba ibebwe na anayebaki na ardhi. Mpangaji akiilipa kwa kukubaliana, mkataba uonyeshe itarudishwaje, kwa kupunguziwa pango au kwa kulipwa akihama.

Nne, tozo zote za halmashauri kwa kituo kimoja ziunganishwe katika ankara moja. Kaunti ya Nairobi imeunganisha leseni ya biashara, zimamoto, afya na bango katika kibali kimoja. Tanzania tayari ina mfumo wa TAUSI unaotoa leseni na ankara za halmashauri, na njia ya kufika huko ipo.

Tano, kazi ya wenye zahanati wenyewe. Mikataba mingi ya pango ni karatasi mbili za steshenari, zenye jina, kiasi na sahihi ya mjumbe. Waongeze mistari minne: pango ni kabla au baada ya kodi ya zuio; nani analipa stempu; nani analipa kodi ya jengo na pango la ardhi; matengenezo ya kitabibu yatafidiwaje. Na kila mwezi wanapopeleka asilimia 10 TRA, wachukue hati ya kodi ya zuio. Ndiyo itakayomwonyesha mwenye nyumba kwamba kodi imelipwa kwa jina lake.

Ushuru wa halmashauri huwekwa kwa sheria ndogo, na kabla ya kupitishwa rasimu yake hutangazwa ili wakazi watoe maoni au pingamizi. Vikao hivyo huwaona wenye maduka, wenye mabasi na wafanyabiashara wa sokoni. Waganga wafawidhi wa zahanati binafsi ni nadra kuonekana. Safari ijayo rasimu itakapobandikwa kwenye ofisi ya kata, waende wakiwa na mkataba wa pango, ujumbe wa LUKU wa miezi 12 na orodha ya madai yaliyokatwa na bima, wakae mbele ya diwani, na wapige hesabu ile ya shilingi 1,770,000 kwa tarakimu za zahanati zao.