Karatasi ya Christine: Nyumba Mbili za Philipp wa Hessen



Mwaliko ulisema nitazungumzia Matengenezo ya Kanisa kule Ujerumani. Nitayazungumzia, ila nitaingilia mlango wa uani. Desemba 1539 ziliandikwa karatasi mbili kuhusu ndoa ya mtu mmoja. Ya kwanza ilitoka Wittenberg, kwa wanatheolojia Martin Luther na Philipp Melanchthon. Imechapishwa, imelaaniwa na kutetewa kwa karne kadhaa. Ya pili iliandikwa kwa jina la mke wa mtu huyo, na husomwa haraka haraka, kama kiambatisho. Mimi nadai kwamba iliyotiiwa ni hii ya pili.

Mtu mwenyewe ni Philipp, mtawala wa Hessen, kwa cheo cha Kijerumani Landgraf. Alizaliwa Marburg mwaka 1504. Hakuwa ametimiza miaka mitano baba yake alipofariki, na mwaka 1518 Kaisari Maximilian akamtangaza kuwa mtu mzima, awe na haki ya kutawala. Alikuwa na miaka 13. Sisi wa umri huo bado tunawakumbusha kuoga.

Alitawala kwa kishindo. Mwaka 1525 alishiriki kuwaponda wakulima walioasi huko Frankenhausen. 1527 akafungua chuo kikuu Marburg. 1529 akawaketisha Luther na mwanamatengenezo mwenzake Zwingli kwenye meza moja, wakaondoka bila kuelewana juu ya mkate na divai. Nyumba za watawa kama ile ya Haina akazigeuza hospitali za maskini wa vijijini. Kuanzia 1531, yeye na mtawala wa Saksonia waliongoza Umoja wa Schmalkalden, ngao ya Waprotestanti mbele ya Kaisari Karl V.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1523 alimwoa Christine, binti wa Mtemi Georg wa Saksonia. Hakumpenda, na hakuficha. Alizini huku na huku, dhamiri ikamsuta hata akawa hathubutu kuikaribia Meza ya Bwana, na 1539 kaswende ikamlaza kitandani. Ndipo akamtaka Margarethe von der Saale, binti wa miaka 17 aliyekuwa akimhudumia dada yake Philipp, Elisabeth wa Rochlitz. Mama wa binti, Bi Anna, akaweka mguu chini: mwanangu hawi kimada wa mtu, kama ni ndoa, iwe ndoa, mbele ya mashahidi.

Mhubiri Martin Bucer akatumwa Wittenberg. Jibu alilorudi nalo lilikuwa ushauri wa maungamo: mke wa pili si sheria kwa watu wote, lakini kwa dhiki ya mtu mmoja yaweza kuvumiliwa, kwa kuwa Ibrahimu na Yakobo walikuwa nao. Sharti lilikuwa siri. Watu wakimwona yule binti, watadhani ni kimada tu, kama wakubwa walivyozoea kuwa nao. Hebu tuliangalie hilo kwa makini. Bi Anna amekataa katakata binti yake aitwe kimada, na wanatheolojia wanamhalalishia ndoa kwa sharti kwamba mji mzima umwite kimada.

Na Christine? Alikubali. Wengi wanaona hapo unyonge wa mwanamke wa zama zile, na unyonge ulikuwepo. Lakini soma sharti lake: watoto wake, na wao peke yao, ndio watakaorithi nchi. Mke yeyote aliyeletewa mwenzake anajua kwamba mapenzi yanaweza kusubiri, shamba haliwezi. Luther alieleza jinsi ya kuficha ndoa. Christine alieleza nani atakula.

Harusi ilifungwa Rotenburg, kando ya mto Fulda, tarehe 4 Machi 1540, Melanchthon na Bucer wakiwepo. Siri haikumaliza hata miezi minne. Luther akashauri uongo mnono kwa faida ya Kanisa. Melanchthon aliugua kwa fedheha, akakaribia kufa. Sheria ya jinai ya Dola, ya mwaka 1532, ilihesabu kuoa mke juu ya mke kuwa kosa zito, na Philipp sasa alihitaji huruma ya adui yake. Akaipata Regensburg mwaka 1541, kwa kuahidi kutoungana na Ufaransa dhidi ya Kaisari. Umoja wa Schmalkalden ukabaki na mkuu aliyefungwa mikono. Vita vilipokuja, Waprotestanti walishindwa, na Juni 1547 Philipp akapiga magoti mbele ya Karl V huko Halle. Alikaa kifungoni miaka mitano, sehemu kubwa katika nchi za chini za Ulaya.

Sasa tuhesabu watoto. Margarethe alizaa tisa, saba wakiwa wa kiume. Christine, huyo asiyependwa, alizaa kumi, na watatu kati yao walizaliwa baada ya harusi ya Rotenburg. Wa mwisho, Georg, alizaliwa Septemba 1547, baba yake akiwa mfungwa. Christine alifariki 1549, mumewe bado hajaachiwa. Philipp angeweza kuigeuka ahadi; aliyeidai hakuwepo tena kumshtaki. Hata hivyo, alipofariki 1567, nchi iligawanywa kwa wana wanne wa Christine: Wilhelm karibu nusu, Ludwig karibu robo, Philipp mdogo na Georg kama thumuni kila mmoja. Wana wa Margarethe walipewa mashamba na cheo cha makabaila wa Dietz. Nchi hawakuigusa.

Thumuni ya Georg, pale Darmstadt, ilizaa sana. Yule Philip, mume wa Malkia Elizabeth, aliyesimama Dar es Salaam usiku wa uhuru mwaka 1961, na Nairobi miaka miwili baadaye, alikuwa wa ukoo huo kwa upande wa mama.

Mkifika Kassel, ingieni kanisa la Mtakatifu Martin mtazame mnara wa kaburi la Philipp. Aliyechongwa pamoja naye ni Christine. Margarethe yuko Spangenberg.